Mkono au Mita? Kupima Nyuso za Makanisa ya Njia ya Misafara

Piga picha ya kanisa la zamani la misheni ukiwa umesimama karibu na mlango, ichoree mistari kwenye kompyuta, na uwiano wa dhahabu, yaani 1.618, utauona kila mahali. Kwangu ugunduzi huo hauna thamani. Kamera iliyoelekezwa juu huubana mnara kileleni, na unene wa mstari peke yake huficha sentimita kadhaa.

Upimaji wa kweli huhitaji picha nyingi zinazopandana, pamoja na fimbo ya urefu unaojulikana iliyosimamishwa ukutani. Programu hulinganisha nukta zinazofanana, hujenga umbo la jengo zima, kisha hutoa uso wake ulionyooka.

Hapo ndipo linakuja swali lenye uzito kwa Tabora: fundi alipima kwa kipimo gani? Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie mwaka 1868, walifika Unyanyembe, eneo la Tabora, mwaka 1878 kutoka Bagamoyo, kwa njia ileile ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Wengi wao walikuwa Wafaransa, watu wa mita. Mafundi wa njia hii walizoea mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, karibu sentimita 46. Upana wa milango na nafasi za madirisha zikigawanyika kwa 46, tumemwona fundi. Zikiangukia mita kamili au nusu mita, tumeiona ramani ya padri. Kimo kina sheria yake: ukuta wa matofali hupanda kozi kwa kozi, yaani safu juu ya safu, na dirisha hukoma pale kozi inapokoma.

Tembe la Kwihara, jirani na Tabora, walimokaa wasafiri Livingstone na Stanley mwaka 1872, si kanisa, lakini linatufundisha tahadhari. Ni jengo la udongo, na limekarabatiwa. Tuseme uwazi wa mlango una kimo cha mita 2 na upana wa mita 1.20: uwiano ni 1.67. Udongo ukimomonyoka sentimita 3 kila upande, uwiano unashuka hadi 1.59. Ile 1.618 inayoshangiliwa imo katikati ya mvua chache tu! Ndiyo maana katika majengo ya aina hii napima kwanza miimo ya mbao, kwa kuwa mbao haikandikwi upya.

Parokia inayojiandaa kupiga plasta mpya kanisa lake la zamani ipige picha hizo zinazopandana kabla fundi hajachanganya saruji.