Je, Wajua? Bustani ya Amani na nyumba ya reli

Watalii wengi wa Usambara huishia Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Ila upande wa mashariki, wilayani Muheza, ipo Bustani ya Mimea ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1902 kujaribu mikwinini, mipira na miti mingine ya kigeni. Mmoja wa miti hiyo, Maesopsis eminii, ulitoka bustanini ukavamia msitu wa asili. Wageni wengine hawaagi! Mwaka 1997 serikali ilitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, bustani ikiwa ndani yake. Kule Sigi, kwenye lango la hifadhi, reli ya zamani haipo tena, lakini nyumba ya mkuu wa stesheni ya Wajerumani ilikarabatiwa ikawa kituo cha wageni. Ukienda Amani, anzia hapo.