UMEME WA NYUMBANI KWA REDIO YA BETRI SITA

Wazee wetu wengi huku Muleba wangali wanapenda redio ya betri sita, nazo betri hula fedha. Sita zikipangwa hutoa volti 9. Umeme wa nyumbani ni volti 230, tena hugeuka mwendo wake mbele na nyuma mara 50 kwa sekunde. Ukitiwa redioni moja kwa moja, redio imekwisha. Yatakiwa chombo cha kati, nacho chaweza kutengenezwa shuleni, maadamu mwalimu wa fizikia yupo karibu.

Transfoma hushusha umeme, diodi nne huuelekeza upande mmoja, kapasita ya maikrofaradi 2200 huutuliza, kisha kidhibiti kiitwacho 7809 hutoa volti 9 tu.

Huenda msomaji akauliza: transfoma ya volti ngapi? Hilo ndilo jambo lenyewe. Kidhibiti hukata kilichozidi. Hakiwezi kuongeza kilichopungua. Ili kitoe 9, sharti kipewe kama 11 wakati wote. Transfoma ya volti 12 yatosha mchana. Lakini tuseme jioni, watu wawashapo taa na pasi, umeme ushuke hadi volti 170. Transfoma ile itatoa kama 9, na redio ikivuta miliampea 300, kapasita itashuka chini ya volti 10 mara 100 kwa sekunde. Redio itavuma kama mzinga wa nyuki, na taarifa ya habari haisikiki.

Mimi naona afadhali ya volti 15. Gharama yake ni joto. Umeme ukiwa kamili, kapasita hupata karibu volti 20 (basi inunuliwe ya volti 35, si ya 16), na kidhibiti hutupa kama wati 3. Kifungwe kwenye bati la alumini, na sanduku litobolewe matundu.

Fyuzi ndogo ikae kwenye waya wa moto, kabla ya transfoma. Diodi moja zaidi itoke mwisho wa kidhibiti kurudi mwanzo wake, ili umeme ukikatika, chaji iliyobaki upande wa redio isipite kinyume ndani yake.

Fyuzi haizuii radi, nayo radi ya Ziwa Victoria hupenda usiku. Ngurumo zikianza upande wa Bukoba, chomoa plagi, na ule waya wa eriali uliofungwa mtini pia.