Macho ya Moshi

Bibi wa Kabasa, Kanda ya Ziwa, akifikishwa zahanati, nesi humwamkia shikamoo na kumuuliza anaumwa wapi. Anayejibu ni mkwe, au mjukuu aliyemleta kwa bodaboda: "Alianguka." Muuguzi mzoefu huliandika jibu hilo, kisha hutafuta kisingizio cha kumtoa nje msindikizaji. Hapo ndipo bibi huanza kuzungumza.

Hata akinyamaza, mwili una maneno yake. Anayeanguka mara nyingi huchubuka magoti, viwiko na viganja. Alama za vidole juu ya mikono yote miwili ni za mtu aliyeshikwa kwa nguvu. Michubuko mipya ikikaa pamoja na ya zamani, si ajali ya siku moja. Tena kuna unyanyasaji usioacha jeraha: chakula kinachofichwa, dawa za presha zisizochukuliwa, fedha za ruzuku za TASAF zinazoishia mfukoni mwa mwingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi hutendewa ukatili kwa mwaka.

Kanda ya Ziwa ina hatari yake ya ziada. Vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, ushahidi ukiwa macho mekundu. Mwanamke aliyepika miaka 50 kwa kuni na mabua ya pamba, ndani ya jiko lisilo na dirisha, atakuwa na macho gani? Wengine wana vikope. Kwa hiyo nesi anapowaambia ndugu, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye benchi la wagonjwa, "Haya macho ni ya moshi, yanatibika," anafanya kazi ambayo tyubu ya dawa peke yake haiwezi.

Likishukiwa shambulio, kuna fomu ya polisi PF3, dawati la jinsia la polisi, afisa ustawi wa jamii na mtendaji wa kata. Lakini aulizwe kwanza bibi mwenyewe anataka nini. Usiku huu atalala nyumba ileile, na mtoto anayempiga huenda ndiye pekee anayemchotea maji. Akiwa hatarini kuuawa, hapo hakuna kusubiri.

Asipotaka kushtaki, apangiwe tarehe ya kurudi. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilitambua matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, basi nesi amwambie mkwe: "Mama, mlete Jumanne tumpime presha." Presha yenyewe inaweza kuwa nzuri tu.