Muziki Unapohama Kompyuta

Mtu anayebadili kompyuta, kwa mfano kutoka mfumo endeshi wa Windows kwenda ule wa Linux, aghalabu huzihangaikia barua na picha zake, akausahau muziki. Punde si punde hugundua kwamba programu aliyoizoea kwa kunakili CD zake na kuzisikiliza haipo tena. Kisha hugundua jambo zito zaidi: baadhi ya nyimbo alizozihifadhi kwa miaka mingi hazifunguki, ingawa faili zake zimefika salama. Kwa nini iwe hivyo? Ili kulijibu swali hili, hatuna budi kuanza na sauti yenyewe.

Sauti kuwa tarakimu

Sauti ni mtetemo wa hewa. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia kama 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Katika CD, iliyobuniwa na kampuni za Philips na Sony na kuanza kuuzwa mwaka 1982, kimo cha wimbi la sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde. Idadi hii haikubahatishwa. Kanuni ya hisabati inadai kwamba vipimo vizidi maradufu ya mtetemo wa juu kabisa unaotakiwa kuhifadhiwa. Kila kipimo huandikwa kwa biti 16, na hivyo huweza kuwa na thamani moja kati ya 65,536.

Kwa kuwa sauti ya kushoto na ya kulia hupimwa mbalimbali, tunapata 44,100 × 16 × 2, yaani biti 1,411,200 kila sekunde. Baiti moja ni biti 8. Basi wimbo wa dakika 4 unahitaji baiti 42,336,000.

Kufupisha na kukunja

Zamani wingi huo wa tarakimu ulikuwa mzigo mkubwa kwa kompyuta, na wataalamu wakatafuta njia mbili za kuupunguza.

Njia ya kwanza ni kufupisha. Muundo wa MP3, ambao wahandisi wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani walishiriki sana kuubuni, ulichapishwa kama kanuni ya kimataifa mwaka 1993. Muundo huu huziacha sauti ambazo sikio haliwezi kuzitambua kwa urahisi, kama vile sauti hafifu iliyofunikwa na kishindo. Kwa kiwango cha biti 128,000 kwa sekunde, wimbo wetu hushuka hadi baiti 3,840,000, yaani sehemu moja ya kumi na moja. Lakini kilichoachwa hakirudi. Mwanafunzi aliye na muhtasari wa hadithi peke yake hawezi kuiandika upya hadithi nzima. Naye akifanya muhtasari wa muhtasari, hupoteza zaidi. Ndivyo inavyokuwa faili ya MP3 inapogeuzwa kuwa muundo mwingine wa aina hiyo.

Njia ya pili ni kukunja. Shati lililokunjwa huchukua nafasi ndogo, na likikunjuliwa halijapungua hata uzi. Muundo wa FLAC, uliokamilika kwa mara ya kwanza mwaka 2001, hukisia kila kipimo kutokana na vilivyotangulia, kisha huandika tofauti tu. Badala ya 1000, 1010, 1021 na 1031, huweza kuandikwa 1000, kisha 10, 11 na 10. Tarakimu ndogo huchukua nafasi ndogo, na kwa kujumlisha tunazipata zile za mwanzo bila kasoro.

Hati asiyoijua msomaji

Kwa muda mrefu Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Leo asiyezijua herufi hizo akipewa utenzi wa kale hawezi kuusoma, ijapokuwa maneno yake ni ya lugha yake mwenyewe. Faili za muziki nazo zina hati zake, na programu ni msomaji. Muundo wa WMA, uliotolewa na Microsoft mwaka 1999, haufunguliwi na programu ya Music ya kompyuta za Mac. Baadhi ya nyimbo zilizouzwa zamani ziliongezewa kufuli la siri. Hizo huweza kukataa hata programu inayoijua hati yake. FLAC, kwa upande wake, ni hati iliyo wazi: maelezo yake yamechapishwa, na mtu yeyote anaweza kutunga programu ya kuisoma.

Kuchagua programu

Kwa kunakili CD, Windows ina Exact Audio Copy, Mac ina XLD, na Linux ina Whipper. Zote zinaweza kutoa FLAC. Uzuri wake mwingine ni kwamba hukagua kazi yake. Kutokana na tarakimu za wimbo, programu hukokotoa namba ya ukaguzi na kuilinganisha na namba walizopata watu wengine walionakili CD kama hiyo. Zikilingana, mikwaruzo haikuharibu nakala. Kwa kusikiliza, programu ya bure ya VLC, iliyoanzishwa na wanafunzi wa École Centrale ya Paris mwaka 1996, hufanya kazi katika mifumo yote mitatu.

Jina la wimbo na la mwimbaji yaandikwe ndani ya faili yenyewe. Orodha zinazohifadhiwa na programu peke yake huelekea kubaki nyuma pamoja na programu hiyo.

Jaribio la darasani

Nakilini wimbo mmoja kutoka CD kwa miundo mitatu: WAV, ambao haupunguzi kitu, FLAC na MP3. Linganisheni ukubwa wa faili. Kisha zigeuzeni zile mbili za mwisho ziwe WAV tena. Iliyotoka katika FLAC itakuwa na vipimo vilevile vya awali. Iliyotoka katika MP3 nayo itakaribia ukubwa wa awali, lakini vipimo vyake havitakuwa vilevile. Kwa hiyo anayetaka kuhifadhi muziki wake asiutazame ukubwa wa faili peke yake. Aulize kwanza faili hiyo imepitia njia gani, na ni nani atakayeweza kuisoma kesho.