Kikulacho ki Nguoni: Seli Shina na Kinga Iliyoasi

Mama wa Kikongo anasonga bugali huko Nakivale, Uganda, mwiko unamponyoka. Vidole havikunjiki. Ukijaribu kuifinya ngozi ya mgongo wa kidole, haifinyiki. Imewambwa kama ya ngoma. Asubuhi za baridi vidole hubadilika rangi na kufa ganzi. Majirani watasema ni baridi yabisi, au mkono wa mtu.

Dalili hizo ni za skleroderma: kinga ya mwili humgeuka mwenye mwili, na ngozi, mapafu na figo huweza kuota makovu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.

Dawa za kawaida hutuliza muwasho, lakini chawa hubaki kwenye pindo. Kupandikiza seli shina, yaani seli zizaazo damu na kinga, ni kuichemsha nguo nzima. Mgonjwa hudungwa sindano za kuzitoa seli hizo kwenye uboho ziingie katika damu. Mashine huzichuja, zikagandishwa. Kisha dawa kali, zikiwemo zitumikazo kwa saratani, huifagia kinga iliyoasi. Mwishowe seli zake mwenyewe hurudishwa mshipani, kama mtu aongezwaye damu, zianze kujenga kinga mpya.

Ila nguo ikiwa chunguni, mwenyewe yu uchi. Kwa takriban wiki mbili, kikohozi cha jirani chaweza kumuua. Katika utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2014, wagonjwa 79 walipangiwa upandikizaji; 8 waliuawa na matibabu yenyewe ndani ya mwaka wa kwanza. Hata hivyo, miaka ilivyosonga, kundi hilo lilinusurika zaidi kuliko lile lililopewa dripu za dawa kila mwezi.

Ufundi wa kupandikiza uboho umeshafika Afrika Mashariki. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya damu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata 2023 kwa watoto wenye selimundu.

Lakini kuchemsha nguo hakuzibi matundu. Pafu lililokwisha kuwa kovu halirudi kuwa pafu, kwa hiyo matibabu haya huwafaa zaidi waliogunduliwa mapema. Kwa mkazi wa Nakivale, makazi ya wakimbizi tangu 1958, mapema huanzia kituo cha afya, kisha rufaa ya Mbarara, kwenye hospitali inayofundishia madaktari. Vidole vikibadilika rangi kwa baridi na ngozi ikaanza kukaza, usingoje mwiko ukuponyoke. Mwonyeshe tabibu mikono yako, na uulize kuhusu rufaa.