Gari Bovu ni Adui wa Afya



Pengine utajiuliza: habari za magari zimefikaje katika ukurasa wa afya? Jibu ni rahisi. Gari bovu linaua watu. Lisipoua, linaweza kuvunja mguu wa baba, au kujaza moshi katika mapafu ya mtoto. Kwa hiyo ubovu wa gari ni jambo la afya, kama vile maji machafu na mbu.

Wakazi wa Igoma wanalijua jambo hili. Igoma iko kando ya barabara kuu itokayo Mwanza mjini kwenda Magu na Musoma. Kila siku hupita mabasi ya abiria na malori ya mizigo. Mengi yanatumia dizeli, na mengine ni ya zamani. Hapo hapo Igoma yako makaburi ya ndugu zetu waliokufa katika meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei, 1996. Meli si gari, lakini fundisho ni moja. Chombo kinachobeba watu lazima kiwe kizima, na kisizidishiwe mzigo.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu barabarani. Polisi wa usalama barabarani wana wakaguzi wa magari. Tutazame makosa ambayo magari ya zamani ya dizeli hukutwa nayo.

MOSHI

Moshi wa gari una rangi, na rangi ni dalili. Mganga hutazama macho na ulimi wa mgonjwa. Fundi hutazama moshi.

Moshi mweusi maana yake dizeli haiungui yote. Huenda chujio la hewa limejaa vumbi, na injini haipati hewa ya kutosha. Au nozeli zinazorusha dizeli ndani ya injini zimechakaa. Gari lililozidishiwa mzigo nalo hutoa moshi mweusi likipanda mlima.

Moshi wa bluu maana yake oili ya injini inaungua. Mara nyingi ringi za pistoni zimelika.

Moshi mweupe asubuhi, injini ikiwa baridi, si jambo la ajabu. Lakini ukiendelea baada ya injini kupata moto, kuna kasoro. Pengine dizeli inatoka bila kuungua, au maji yanaingia ndani ya injini.

Moshi wa dizeli una masizi madogo sana, ambayo jicho haliwezi kuyaona moja moja. Masizi hayo huingia ndani kabisa ya mapafu. Humzidishia taabu mwenye pumu, na huudhuru moyo. Mwaka 1988 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba yaelekea moshi huo huleta saratani kwa binadamu. Mwezi wa Juni 2012, baada ya uchunguzi zaidi, waliondoa shaka. Walisema moshi wa dizeli unaleta saratani ya mapafu.

Je, nani huuvuta zaidi? Ni yule anayekaa karibu nao kutwa nzima. Ni mama anayeuza mihogo stendi, na mtoto aliye mgongoni mwake. Ni fundi, na ni kondakta. Tena bomba la moshi likitoboka chini ya gari, moshi huingia ndani na kuwaumiza abiria kichwa na macho.

BREKI

Moshi huumiza polepole. Breki mbovu huua mara moja.

Makosa ya breki ni mengi. Mafuta ya breki yanavuja. Vipande vinavyobana gurudumu vimelika. Gurudumu moja linashika na jingine halishiki, hivyo gari huvuta upande. Breki ya mkono haishiki kabisa. Katika malori na mabasi makubwa yenye breki za upepo, mabomba huvuja na upepo hupungua.

Magari mengi madogo ya dizeli, kama pikapu, yana pampu inayonyonya hewa ili kusaidia mguu wa dereva. Pampu hiyo huzungushwa na injini. Ikichakaa, breki huwa ngumu kukanyaga. Injini ikizimwa, pampu nayo husimama. Kwa hiyo dereva anayezima injini mteremkoni ili aokoe dizeli anajinyima breki yeye mwenyewe. Ameokoa shilingi chache, na ameweka roho za watu rehani.

USUKANI, MATAIRI NA TAA

Katika gari la zamani, viungo vya usukani hulegea. Dereva hugeuza usukani, lakini magurudumu huchelewa kutii. Springi huvunjika, na gari hulala upande. Chesisi huliwa na kutu. Matairi huwa vipara, na mvua ikinyesha gari huteleza. Taa moja haiwaki, na usiku anayekuja mbele hudhani ni pikipiki.

Mwenye gari akiazima matairi mazuri kwa siku ya ukaguzi, kisha akayarudisha jioni, amemdanganya nani? Mkaguzi habaki ndani ya gari hilo. Wanaobaki ni abiria. Pengine mkewe na watoto wake wamo.

TUFANYE NINI?

Wewe mwenye gari: safisha au badilisha chujio la hewa kwa wakati. Badilisha oili. Mpe fundi nozeli azipime. Gari likikataliwa na mkaguzi, usiseme umeonewa. Umeambiwa ugonjwa mapema, kabla haujaua.

Wewe dereva: kagua breki, matairi na taa kila asubuhi kabla ya safari. Ukisimama stendi kwa muda mrefu, zima injini ili watu wapate hewa safi. Lakini mteremkoni usiizime kamwe. Tumia gia ndogo.

Wewe abiria: zunguka gari kabla ya kupanda. Tazama matairi. Tazama kama kuna mafuta yanayodondoka chini. Likiwa limejaa, subiri jingine. Usipande juu ya mzigo wa lori, hata kama mnada uko karibu. Dereva akizima injini mteremkoni, mkatazeni wote kwa pamoja. Mkiona hatari, mwambieni askari wa usalama barabarani.

Wewe mzazi: usiwaache watoto wacheze nyuma ya gari linalounguruma.

Wazee wetu walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nozeli iliyochakaa na breki inayovuja ni nyufa. Tuzizibe leo.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Taja rangi tatu za moshi wa gari la dizeli. Kila rangi inaonyesha ubovu gani?
2. Kwa nini ni hatari kuzima injini mteremkoni?
3. Katika kijiji chenu, ni nani wanaovuta moshi wa magari kila siku? Mtafanya nini kuwasaidia?