Kioo cha jamii kimetundikwa wapi?

Kila mwaka nikisahihisha insha za fasihi nakutana na sentensi ile ile: fasihi ni kioo cha jamii. Kosa hakuna. Lakini mwulize mwandishi wake kioo kina kazi gani, atakujibu upesi: cha kujitazamia, basi! Hebu tubishe hodi katika nyumba za kale za mwambao.

Chumba cha nyumba ya mawe ya Lamu ni kirefu na chembamba, maana upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Huko ndani kabisa, ukuta umejengewa safu za zidaka za chokaa. Kiswahili sanifu kingesema vidaka. Kiamu hutumia zi- pale ambapo sisi wengine tunatumia vi-. Humo zilipangwa sahani na vyombo vya kigeni.

Unguja, vioo navyo vilipata nafasi katika mpangilio kama huo. Emily Ruete, ndiye Sayyida Salme binti Said, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Anaeleza kwamba baina ya vidaka vya matajiri palikuwa na vioo vya thamani, vilivyoagizwa Ulaya kwa kipimo ili vijae sawasawa hadi juu darini. Picha hazikutundikwa ovyo, kwa sababu za dini.

Sasa fikiria taa zikiwashwa usiku. Kioo kinarudisha nuru, chumba chembamba kinapanuka, sahani kumi zinakuwa ishirini, na mgeni anaelewa bila kuambiwa kwamba mwenyeji wake ana mkono unaofika ng'ambo. Uso wa mtu ni sehemu ndogo tu ya shughuli hiyo. Kioo hicho kinazidisha, kinatukuza, hata kinadanganya kidogo. Je, riwaya na tenzi zetu hazifanyi hivyo? Mhakiki anayetafuta sura ya jamii peke yake atayapita mengi.

Na tafadhali, wingi wa kioo ni vioo. Vyoo ni wingi wa choo. Niliwahi kusoma tasnifu iliyosifu “vyoo vya fahari sebuleni”, nikacheka hadi machozi, kisha nikairudisha ikasahihishwe.

Jambo moja kwa wanaokarabati nyumba hizo. Vioo vingi vya zamani vilipakwa bati na zebaki kwa nyuma, kabla upakaji wa fedha haujaenea katika karne ya 19. Madoa yale meusi ni tabaka hilo linalochakaa. Msilikwangue: zebaki ni sumu, na kioo kikishavuliwa mgongo wake kinabaki kuwa cha dirisha.